Frantz Fanon: Daktari aliyewageuzia watafiti swali

Katikati ya miaka ya 1950, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida nchini Algeria, wagonjwa wanawake Waislamu walionyeshwa picha, moja baada ya nyingine. Kila mmoja aliombwa atunge hadithi kuhusu watu aliowaona. Kipimo hicho kilibuniwa Marekani, na wanasaikolojia waliamini kuwa hadithi anayoitunga mtu hufichua yaliyo moyoni mwake. Lakini wanawake wale hawakutunga hadithi. Walitaja tu walichokiona, basi.

Mtafiti mwingine angeandika kuwa hawana uwezo wa kufikiri mambo ya kubuni. Daktari Frantz Fanon na mwenzake waliandika kuwa kasoro ilikuwa kwenye kipimo chenyewe. Picha zilionyesha maisha ya watu wengine kabisa. Mtu atasimuliaje yanayotokea ndani ya nyumba ambayo hajawahi kuona mfano wake?

Fanon anajulikana zaidi kama mpigania uhuru. Leo tunamtazama kama daktari, kwa sababu aliona mapema kwamba utafiti kuhusu akili za watu unaweza kuwaumiza hata wale ambao hawakuulizwa swali lolote.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 huko Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi. Akiwa kijana alijiunga na jeshi la Ufaransa huru katika Vita Kuu ya Pili, akajeruhiwa na kupewa nishani. Baada ya vita alisomea udaktari katika mji wa Lyon. Nchi aliyoimwagia damu ilimtazama kwanza kwa rangi yake, na mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu namna ubaguzi unavyoingia ndani ya nafsi ya mtu mweusi.

Mwishoni mwa mwaka 1953 alianza kazi Blida. Wakati huo Algeria ilikuwa chini ya Ufaransa, na elimu ya magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Algiers ilikuwa imejengwa na Profesa Antoine Porot. Porot na wanafunzi wake walifundisha kuwa Mwalgeria Mwislamu ni mwongo, ni mwepesi wa kufanya fujo, na kwamba hali hiyo inatokana na jinsi ubongo wake unavyofanya kazi.

Tufikirie maana yake. Ikiwa fujo imo ndani ya ubongo, hakuna haja ya kuuliza nani alichukua shamba la mtu huyo au kwa nini watoto wake wana njaa. Mafundisho ya namna hiyo hayabaki darasani. Daktari huyapeleka wodini, na hakimu huyasikia mahakamani.

Kwetu Afrika Mashariki hali haikuwa tofauti. Daktari J.C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi kwa zaidi ya miaka 10, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alidai kuwa Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka 1954 aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau, wakati maelfu ya watu wakiwa kizuizini na madai ya ardhi yakiwa hayajajibiwa. Fanon alimtaja Carothers pamoja na wataalamu wa Algiers alipopinga elimu hiyo kwa maandishi.

Fanon hakuwakosoa wengine tu. Alipofika Blida alianzisha mikutano ya wagonjwa, gazeti la wodi na sherehe, kama alivyojifunza Ufaransa. Wanawake wa Kizungu walichangamka. Wanaume Waislamu walikaa kimya. Yeye na daktari kijana, Jacques Azoulay, walijichunguza, na mwaka 1954 wakachapisha kosa lao: walileta desturi za watu wengine bila kuuliza wagonjwa hawa wanaishije. Ndipo wakafungua mkahawa wa kienyeji hospitalini, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu na kumwalika msimulizi wa hadithi. Kimya kikavunjika.

Vita vya uhuru vilianza mwezi Novemba 1954. Fanon alitibu watu walioteswa, na alitibu pia polisi waliowatesa. Alipochapisha habari za wagonjwa hao, aliwataja kwa herufi tu, si kwa majina. Mwaka 1956 aliandika barua ya kujiuzulu, na mapema mwaka 1957 alifukuzwa Algeria. Akaenda Tunis, akaendelea na udaktari huku akiitumikia harakati ya uhuru. Alikufa kwa saratani ya damu nchini Marekani tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na miaka 36, akazikwa katika ardhi ya Algeria. Hospitali ya Blida sasa ina jina lake. Maoni yake kuhusu matumizi ya nguvu bado yanabishaniwa, lakini madai ya Porot na Carothers kuhusu ubongo leo hayakubaliki katika sayansi.

Siku hizi watafiti wanatakiwa kupata kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya anayehojiwa. Hilo ni jambo jema, ila halitoshi. Anayekubali kujibu ni mtu mmoja, lakini matokeo yakiandikwa kuwa kabila fulani, wanawake au vijana wako hivi, yanawaangukia wote.

Kwa hiyo mtafiti akifika kijijini kwako na maswali yake, una haki ya kumuuliza yako kabla ya kujibu. Majibu haya yatatumiwa na nani? Nani anagharamia kazi hii? Yakiandikwa mabaya kuhusu sisi, je, yataandikwa pia mazingira tunayoishi? Na matokeo mtatuletea lini tuyasikie? Asiyekuridhisha, unaweza kumkatalia, na hupaswi kuadhibiwa kwa hilo.