Kijana Aliyempiga Picha Baba Yake

Siku ya Jumapili, mtu akipita Thika penye maporomoko ya mto Chania, au akisonga mbele hadi Fourteen Falls katika mto Athi, hakosi kumwona mzazi ameinama na kamera mkononi, akimbembeleza mwanawe asimame vizuri. Wazazi wa namna hii ni wengi. Wako walimu, wako wafanyakazi wa viwanda vya Thika na Ruiru, na wako waliokwisha kujiandikisha katika darasa la kupiga picha, si kwa kutaka kula kwa kamera, bali kwa hamu ya kuuhifadhi utoto wa wana wao kabla haujapita. Desturi ndiyo hiyo: mzazi hushika kamera, mtoto hutazamwa.

Habari ninayowaletea leo ni kinyume cha desturi hiyo. Ni habari ya mwana aliyeshika kamera, na baba ndiye akatazamwa. Sehemu moja ya habari hiyo ilipita papa hapa kati ya Ruiru na Thika, mwaka 1909. Mwana huyo ni Kermit Roosevelt.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1889 huko Oyster Bay, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake, Theodore Roosevelt, alikuwa mtu wa kishindo: mwanajeshi, mwindaji, mwandishi, na tangu mwaka 1901 Rais wa nchi yake. Kermit hakufanana naye kwa tabia. Alikuwa mtoto mkimya, mpenda vitabu na lugha. Angali mwanafunzi alikisoma kitabu cha mshairi mmoja fukara aitwaye Edwin Arlington Robinson, kikamwingia moyoni, akamwonyesha baba yake. Rais akakisoma naye, na mwaka 1905 akampatia mshairi yule kazi katika forodha ya New York. Basi mshairi yule, aliyekuja kuwa mashuhuri mno kwao, riziki yake aliipata kwa jicho la kijana. Jicho hilo la kuona wengine wasichokiona ndilo alilokuja nalo Afrika.

Theodore Roosevelt alimaliza urais Machi 1909, na kabla mwezi haujaisha alikwisha kupanda meli. Tarehe 21 Aprili aliteremka Mombasa. Alifuatana na wataalamu watatu wa viumbe waliotumwa na jumba la makumbusho la Smithsonian, na mwanawe Kermit, mwenye umri wa miaka 19, aliyeomba ruhusa ya kuacha masomo ya chuo kikuu cha Harvard kwa muda. Kijana huyo alikuwa na kazi mbili: kuwinda na kupiga picha. Hakuwa mpiga picha wa kazi. Alikuwa mwanafunzi apendaye kamera, kama walivyo wazazi wetu wa Jumapili, ila yeye darasa lake lilikuwa nyika.

Mwezi Mei msafara ulifika katika shamba la Juja, mali ya William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani ambaye kaburi lake liko mlima wa Ol Donyo Sabuk, mlima unaoonekana hadi Thika. Wakati ule reli ilikuwa haijafika Thika. Ilifika mwaka 1913. Hoteli ya Blue Posts, iliyo kando ya maporomoko, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Palipo leo na nyumba za kupanga, maduka na chuo kikuu palikuwa uwanda wa nyasi na wanyama, na viboko walikaa katika mito. Hapo Juja Kermit alimwua chui aliyewarukia katika msako. Upande wa Ruiru, katika shamba la Hugh Heatley kando ya mto Kamiti, baba na mwana waliwinda nyati kwenye kinamasi cha mafunjo.

Ajabu ni kuwa kijana yule mkimya aligeuka kuwa shujaa kupita kiasi. Katika barua alizowaandikia jamaa zake, baba alieleza wasiwasi wake: mtoto aliyekuwa mwoga kidogo sasa alikuwa hana tahadhari, na yeye mzee usingizi ulimpungua kwa kumhofia. Mzazi yeyote ataielewa hofu hiyo. Na kamera iliizidisha, kwani mwenye bunduki aweza kusimama mbali, lakini apendaye picha nzuri sharti asogee, atulie, angoje mwanga na amwache mnyama ageuke kwa hiari yake. Tena zama zile picha haikuonekana pale pale. Mtu alibonyeza, akafunga mzigo wake, akaenda na matumaini tu.

Lakini mkono wa mpiga picha peke yake haufanyi picha. Wachukuzi zaidi ya 200 waliibeba safari ile vichwani mwao. Kermit alikuwa na wabeba bunduki wake, akiwamo Juma Yohari, Mswahili, na Kassitura, Msoga wa Uganda. Tumebahatika kuyajua majina yao kwa kuwa Roosevelt aliyaandika kitabuni. Walio wengi walisimama mbele ya kamera, na walibeba hiyo kamera na hema na meno ya ndovu, kisha wakarudi makwao bila kuulizwa wanaitwa nani. Mtu akizitazama picha za enzi zile, mnyama hutajwa kwa aina yake na Mzungu kwa jina lake. Mchukuzi hubaki kuwa mchukuzi. Na wanyama nao hesabu yao ni nzito: baba na mwana waliua 512, baba 296 na mwana 216. Vingi vya viumbe walivyokusanya vilipelekwa Smithsonian kwa ajili ya elimu, lakini hesabu ni hesabu.

Mwaka 1910 kitabu cha safari kilitoka, na ndani yake mlikuwa na picha za Kermit pamoja na za wenziwe. Baba alikitabaruku kitabu kile kwa mwanawe. Huo ndio ukawa upeo wa furaha yao.

Mwaka 1914 walikwenda pamoja tena, safari hii katika mto usiojulikana huko Brazil. Baba aliumia mguu, akashikwa na homa kali, akataka aachwe afie msituni ili wenziwe waokoke. Kermit alikataa. Kwa kamba na kwa ukaidi aliivusha mitumbwi kwenye maporomoko hadi akamtoa mzee hai. Mwaka huo huo alioa, na akaja kuwa baba wa watoto wanne. Katika Vita Kuu ya kwanza alipigana na jeshi la Uingereza huko Iraki, akajifunza Kiarabu, akapata nishani ya ushujaa.

Kisha mambo yakageuka. Mdogo wake Quentin, rubani, aliuawa Ufaransa Julai 1918. Tarehe 6 Januari 1919 baba yao akafariki, naye Kermit angali Ulaya na jeshi. Toka hapo hakutulia. Alifanya biashara ya meli, akasafiri, akaandika vitabu, lakini ulevi na huzuni vilimzidi nguvu mwaka hadi mwaka. Vita vya pili vilimpeleka Alaska, na huko, tarehe 4 Juni 1943, alijiua kwa mkono wake akiwa na umri wa miaka 53. Kaburi lake liko huko huko.

Dunia inamkumbuka baba. Uso wa mzee yule, miwani yake na kofia yake ya jua, unajulikana hata na wasiojua historia. Wachache humwuliza aliyekuwa nyuma ya kamera, ambaye bila yeye sehemu ya safari ile isingeonekana.

Wahenga wamesema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ni kweli kwa mengi, lakini kwa picha ni nusu ya kweli. Kermit hayumo katika picha alizozipiga, walakini lake limo: ni umbali aliousimamia, na ni subira na pendo alilomtazamia baba yake. Basi mzazi wa Thika au Ruiru, ukiisha kujifunza kushika kamera, siku moja mpe mwanao naye aishike. Simama wewe juani, utazamwe. Na wote walio pembeni ya picha, aliyebeba maji na aliyeshika mkoba, waulize majina yao, uyaandike nyuma yake.