Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyeitwa Simba wa Kenya

JOGINDER Singh Bhachu alikuwa fundi wa magari kwa miaka mingi kabla hajawa dereva wa mashindano. Alikuwa dereva wa kwanza kushinda mbio za Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na katika ushindi huo wote chini ya boneti palikuwa na injini ya petroli ya mitungi minne. Aliowashinda mara nyingi walikuwa na magari yenye nguvu kuliko lake.

Alizaliwa Februari 9, 1932 Kericho, katika nchi ya mashamba ya chai. Baba yake alikuwa Kalasinga aliyehamia Kenya kutoka Punjab, na baadaye akamiliki gereji jijini Nairobi. Enzi hizo jina la Kalasinga na neno fundi yalikuwa karibu kitu kimoja, kwani wengi wao walikuwa maseremala, wahunzi na makanika tangu siku za ujenzi wa reli. Alipomaliza masomo, kijana Joginder aliingia katika gereji hiyo ya baba yake, akajifunza kazi kwa mikono.

Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kufanya doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwafikia madereva waliokwama na kuyawasha tena magari yao. Ni vigumu kufikiria shule bora kuliko hiyo. Anayekutana na magari yaliyozimika njiani hutambua upesi kwamba injini ya zamani ni nadra kuuawa na jambo kubwa. Huuawa na mkanda wa feni uliolegea, na rejeta iliyoziba kwa majani na tope, na plagi zilizojaa masizi, na pointi za moto zilizokwisha, na kichungi cha hewa kinachopitisha vumbi hadi likakwangua kuta za silinda. Kila kimoja kati ya hivyo hutoa ishara mapema, ila dereva asiyejua ufundi huisikia na kuipuuza.

Mbio za Safari zilikuwa zimeanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa masika, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita, mchana na usiku. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza saba tu. Katika mashindano ya namna hiyo kasi pekee haikutosha, kwa kuwa wenye kasi wengi waliishia mitaroni au wakisubiri kuvutwa na trekta.

Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant walishiriki wakiwa na Volvo PV544 lililokuwa limekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Kura iliwapa nambari ya kwanza. Gari la mbele lina faida ya kutokula vumbi la wengine, lakini ndilo linalokutana na tope na mito kabla ya mwingine yeyote. Ndugu hao walimaliza mbele ya aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Haikuwa imetimia miaka miwili tangu Kenya ijitawale, na watu wa asili ya Kihindi walikuwa wakiulizwa kila siku kama kweli hapa ni kwao. Wananchi waliojipanga kandokando ya barabara walilijibu swali hilo kwa namna yao: wakamwita Simba wa Kenya.

Injini ya Volvo hilo inastahili kusimuliwa. Ilijulikana kama B18, yenye ujazo wa sentimita 1,778. Bloku na kichwa chake vilikuwa vya chuma cha kusubu, na krenki yake ilishikwa na beringi kuu tano, ilhali injini iliyoitangulia ilikuwa na tatu. Mfumo wa vali uliendeshwa kwa gia, si kwa mkanda unaoweza kukatika safarini. Mtu mwenye spana, bisibisi na kipimo cha nafasi za vali aliweza kuirekebisha chini ya mti. Nchini Marekani, Irv Gordon aliendesha Volvo lake la mwaka 1966 lenye injini ya aina hiyo kwa zaidi ya kilomita milioni 4.8. Injini ilifunguliwa na kukarabatiwa njiani, na siri iliyobaki ilikuwa kubadilisha oili kwa wakati.

Hesabu hiyo wanaielewa vizuri wasafiri wa kaskazini mashariki. Anayetoka Wajir au Garissa kuelekea Diff, karibu na mpaka wa Somalia, huacha maduka ya vipuri nyuma yake na kuingia katika mchanga na joto. Huko gari linalochemka halina wa kulisaidia isipokuwa aliyemo ndani yake. Injini isiyo na kompyuta ina thamani mahali kama hapo, mradi mwenyewe awe amekagua maji, oili na mipira ya rejeta kabla ya kuondoka. Urahisi wa kutengenezwa haumsaidii asiyeitazama.

Joginder aliitazama. Alijulikana kwa kuandaa gari lake mwenyewe na kwa kuliendesha kwa huruma, akijua wakati wa kukanyaga na wakati wa kuachia. Mwaka 1974, Safari ikiwa sasa ni sehemu ya ubingwa wa dunia, alikuja na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 akiwa na David Doig. Porsche 911 ya Björn Waldegård, yenye mitungi sita, ilimaliza ya pili. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa huo. Mwaka 1976 alirudia, na Lancer zikatwaa nafasi zote tatu za mwanzo.

Hata hivyo, takwimu inayomweleza zaidi haihusu makombe. Kati ya mbio 22 za Safari alizoanza, alimaliza 19. Madereva wenye kasi kumshinda walikuwapo. Wenye hesabu kama hiyo walikuwa wachache mno.

Aliacha kushiriki Safari mwaka 1980. Baadaye alihamia Uingereza, na Oktoba 20, 2013 akafariki jijini London akiwa na umri wa miaka 81.

Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, magari ya mbele yalikuwa na injini za mitungi minne na lita 1.6, kadiri ileile ya Lancer ya mwaka 1974. Njia sasa ni fupi, zimezunguka Naivasha, na kila siku magari hurudi mikononi mwa kundi la mafundi waliovaa sare. Joginder alikuwa amembeba fundi wake kwenye kiti cha dereva.