Mwalimu Aliyewatua Akina Mama Lawama

Kila mwaka nifikapo katika somo la urithi, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza kosa ni la nani pale mama anapojaaliwa mabinti watupu. Swali hilo si la darasani pekee. Wapo wanawake waliorudishwa kwao, na wengine wakaletewa mke mwenza, eti kwa sababu hawakuzaa mvulana. Hapo ndipo mimi huweka chaki chini nikamtaja Nettie Stevens.

Nettie alizaliwa mwaka 1861 katika jimbo la Vermont, Marekani, bintiye seremala. Zama hizo mwanamke aliyesoma hakuwa na njia nyingi ila ualimu, naye alifundisha kwa miaka mingi huku akidunduiza mshahara wake. Alikuwa na umri wa miaka 35 alipoingia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1896, umri ambao wengi wetu katika kazi hii huwa tumekwisha kukata tamaa ya kurudi masomoni. Kutoka huko alikwenda Bryn Mawr, chuo cha wanawake jimboni Pennsylvania, akapata shahada ya uzamifu mwaka 1903.

Wataalamu wengi wa siku hizo waliamini kuwa jinsia ya mtoto huamuliwa na chakula cha mama, au na joto. Nettie alimchagua mdudu duni kabisa: mbawakawa ambaye buu wake hukaa katika unga. Alizikata tishu zake vipande vyembamba, akazitia rangi, kisha akaketi kwenye hadubini kuhesabu kromosomu. Seli za jike zilikuwa na kromosomu 20, zote kubwa. Za dume pia zilikuwa 20, lakini moja kati yake ilikuwa ndogo mno. Basi kila yai lilikuwa na 10 kubwa, ilhali mbegu za dume zilikuwa za namna mbili: nusu zilibeba 10 kubwa, na nusu 9 kubwa pamoja na ile ndogo. Yai likikutana na mbegu ya namna ya kwanza, hutoka jike; likikutana na ya pili, hutoka dume. Hayo aliyachapisha mwaka 1905. Kwa binadamu mpango ni huohuo: mama hutoa X daima, na baba ndiye mwenye kutoa ama X ama Y. (Wala baba naye hachagui, nalisema hili mapema, wasichana wasije wakageuza lawama upande wa pili.)

Mwaka huohuo Edmund Wilson wa Chuo Kikuu cha Columbia alifikia matokeo yaliyokaribiana na hayo, na kwa muda mrefu vitabu vilimpa yeye sifa, au vikampa Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa mwalimu wa Nettie. Morgan alizitilia shaka kromosomu hadi mwaka 1910. Mwaka 1933 akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi juu ya kromosomu hizohizo. Sidai kwamba alimwibia mtu, maana utafiti wake juu ya nzi ulistahili heshima. Ninacholalamikia ni kimya. Katika kitabu nilichosomea mimi, jina la Nettie halikuwamo hata mara moja.

Bryn Mawr hatimaye ilimwandalia nafasi ya uprofesa wa utafiti, lakini saratani ya matiti iliwahi mbele. Alifariki mjini Baltimore tarehe 4 Mei 1912, akiwa na umri wa miaka 50, kabla hajaikalia nafasi hiyo.