JM Kariuki: Mwana wa skwota aliyetetea watoto wa maskini

MAREHEMU Josiah Mwangi Kariuki, mwanasiasa aliyefahamika kote nchini kama JM, alizaliwa mwaka wa 1929 huko Kabatini, karibu na Nakuru. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri wakawa maskwota katika shamba la mlowezi.

Tangu 1918, sheria ya kikoloni ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kuishi na kulima shambani. Jamaa yake nzima ilikaa kwa idhini ya mwenye shamba. Baba akifukuzwa, watoto nao walifungasha virago.

Katika maeneo yaliyotengewa Waafrika, kama vile Nyeri, kulikuwa na shule za misheni na zile zilizojengwa na wananchi wenyewe. Mashambani katika Bonde la Ufa shule zilikuwa haba, na watoto wengi walichunga mifugo au kuchuma pareto. Mpaka wa ardhi ndio ulioamua mtoto yupi asome.

JM alianza masomo mwaka wa 1938, akayaacha kwa kukosa karo na kwenda kufanya kazi shambani. Mwaka wa 1946 alishinda dau la mbio za farasi, akarejea darasani, na hatimaye akafika King's College Budo, Uganda. Bahati ilimpa kile ambacho sheria ilimnyima.

Alikamatwa 1953 wakati wa hali ya hatari, akazungushwa katika kambi za kizuizini hadi 1960. Baada ya uhuru alikuwa mbunge na waziri msaidizi. Alichangia harambee nyingi za shule, lakini alishikilia kuwa hisani pekee haitoshi pasipo serikali kugawa ardhi kwa haki na kumsomesha mtoto wa maskini.

Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alifuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne. Hata hivyo, ada za ujenzi ziliwarudisha wengi nyumbani.

Machi 1975 JM aliuawa, na mwili wake ukapatikana Ngong. Kamati ya Bunge ilichunguza mauaji hayo, lakini hakuna aliyehukumiwa kwayo. Alizikwa Gilgil.

Elimu ya msingi bila malipo ilirejeshwa 2003, na Katiba ya 2010 ikaifanya kuwa haki ya kila mtoto, popote wazazi wake wanapoishi.