Roger Casement na Taarifa ya Kongo

Roger Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, na akafika Kongo akiwa na umri wa miaka 20. Hivyo alikwishaijua nchi hiyo kabla biashara ya mpira haijaiharibu, na ujuzi huu ndio uliokuja kuupa uchunguzi wake uzito.

Mnamo Mei 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha azimio kuhusu mateso ya wenyeji katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ikamwagiza Casement, konseli wake huko, aende bara kuchunguza. Casement hakutaka kutegemea vyombo vya dola ile ile aliyokuwa akiichunguza; alikodi meli ndogo ya wamisionari wa Kimarekani. Vijiji alivyovikumbuka vikiwa vimejaa watu alivikuta karibu vitupu. Aliwasikiliza wakimbizi, akawaona waliokatwa mikono. Kijana mmoja kati ya hao baadaye alidai kwamba aliumwa na nguruwe mwitu, nao watetezi wa Leopold wakalikuza dai hilo kana kwamba linafuta ushahidi wote.

Taarifa ilichapishwa Februari 1904, lakini Wizara ilikwisha kuyaondoa majina ya watu na mahali na kuweka herufi tu. Casement alighadhibika, na kwa haki: ushahidi usio na majina ni rahisi kukanushwa. Hata hivyo, Leopold alilazimika kuunda tume yake mwenyewe, ambayo mwaka 1905 ilithibitisha mengi ya yaliyoelezwa. Mwaka 1908 Ubelgiji iliitwaa Kongo.

Mwaka 1910 Casement alitumwa Putumayo, katika Amazon. Safari hii serikali ilikuwa na hoja ya kisheria: kampuni ya mpira iliyotuhumiwa ilisajiliwa London, na baadhi ya waajiriwa wake walikuwa raia wa Kiingereza kutoka Barbados. Mwaka 1911 alitunukiwa cheo cha Sir.

Baadaye aliugeukia ukombozi wa Ireland, akatafuta silaha Ujerumani, akahukumiwa kwa uhaini na kunyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Maombi ya kumsamehe yalipozidi, maofisa wa serikali walisambaza kwa siri kurasa za shajara zake zilizohusu mapenzi yake na wanaume. Miongoni mwa shajara hizo zimo za 1903 na 1910, miaka ya chunguzi zile mbili. Mabaki yake yalirejeshwa Dublin mwaka 1965.