Shule ya Padre Vianney ambayo hatuisimulii sana



Kila ikikaribia tarehe 4 Agosti, kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney, mahubiri yetu hurudia mambo mawili: alifeli Kilatini, na aliungamisha saa nyingi kila siku. Yote mawili ni kweli. Lakini katikati ya maisha yake kuna shule, tena shule aliyoilea zaidi ya miaka 20 halafu ikatoka mikononi mwake. Nilikutana na habari hiyo nikiwa kwenye maandalizi ya mtihani wa metafizikia. Nikafunga daftari, metafizikia ikasubiri.

Tuanzie mbali kidogo. Yohane Maria alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 kijijini Dardilly, karibu na Lyon, Ufaransa, kwa wazazi wakulima. Mapinduzi yalipoanza alikuwa na miaka 3. Makanisa yakafungwa, na mapadre waliokataa kula kiapo cha serikali wakawa wanatafutwa kama wahalifu. Komunyo yake ya kwanza, mwaka 1799, aliipokea ndani ya nyumba ya watu kule Écully, madirisha yamefungwa, na nje yamesimamishwa magari ya majani ya ng'ombe ili mwanga wa mishumaa usionekane. Shule kwake ilikuwa ya kudokoa tu: majira ya baridi anasoma kidogo, hali ya hewa ikibadilika anarudi kuchunga.

Kwa hiyo alipoanza kujiandaa kwa upadre, akiwa na miaka kama 20, alikuwa anaanza Kilatini umri ambao wenzake wanamaliza. Mwalimu wake alikuwa Padre Charles Balley, paroko wa Écully, mtu mkali kwa nafsi yake na mpole kwa mwanafunzi huyu. Mwaka 1809 akaitwa jeshini katika vita vya Napoleon. Akaugua, akaachwa nyuma na kikosi, mwisho akajikuta mafichoni katika kijiji cha milimani, Les Noës, akitumia jina la bandia. Sasa sikilizeni alichofanya huyu mtoro huko mafichoni: alifundisha watoto wa kijiji kusoma! Mtu mwenyewe kusoma kunamsumbua, anatafutwa na askari, bado anakusanya watoto jioni. Hapo mimi ndipo ninapoiona shule ya Ars ikianza, ingawa Ars yenyewe hajaisikia.

Baada ya msamaha wa mwaka 1810 aliweza kurudi nyumbani. Falsafa aliisoma seminari ndogo ya Verrières, kwa Kifaransa badala ya Kilatini, kwa sababu Kilatini hakikukubali. Seminari kuu ya Lyon hakudumu. Baada ya miezi michache akaambiwa aende nyumbani. Sisi mafrateri tunaijua siku ya namna hiyo. Mwenzangu mmoja alifunga begi lake asubuhi wakati sisi tuko darasani, tuliporudi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko siku zote. Vianney naye alifunga begi. Ila yeye alikuwa na Padre Balley, ambaye alimrudisha mezani, akamfundisha upya, akamtetea kwa wakubwa wa jimbo. Makamu wa askofu alitaka kujua kama kijana huyo ni mtu wa sala. Akaambiwa ndiyo, akaona inatosha. Alipadrishwa Grenoble tarehe 13 Agosti 1815.

Padre Balley alifariki mwaka 1817, na Februari 1818 Vianney akatumwa Ars. Ars ilikuwa kijiji kidogo cha watu kama 230, na kanisa lake lilikuwa dogo na limechoka. Vilabu vya pombe vilikuwa vinne, hesabu ambayo kwa watu 230 si haba. Jumapili wengi walikuwa shambani au kwenye dansi. Padre mpya akaanza na kanisa lenyewe: akatengeneza altare, akajenga mnara wa kengele, akaongeza vikanisa vya pembeni. Akawa anapiga magoti mbele ya tabernakulo kabla kijiji hakijaamka.

Halafu akauliza habari za watoto. Shule ya kudumu haikuwepo. Mwalimu alikuja majira ya baridi tu, na wasichana wengi walikua bila kujua kusoma. Vianney hakuwa na fedha za kuajiri mtu, basi akafanya jambo ambalo hata leo parokia zetu zinaweza kulielewa: alichagua wasichana wawili wa parokia, Catherine Lassagne na Benoîte Lardet, akawapeleka kwa masista wa kijiji cha jirani wakajifunze kufundisha. Akanunua nyumba karibu na kanisa, akatumia alichokuwa nacho, na mwaka 1824 shule ikafunguliwa. Ada hakuna. Jina lake La Providence, yaani Maongozi ya Mungu.

Kwanza walikuja watoto wa Ars, kisha wa vijiji vya jirani. Baadaye padre akaanza kuwapokea yatima na wasichana waliokuwa wakizurura bila kwao. Kuna wakati walifika karibu 60 katika nyumba ile. Walijifunza kusoma, kuandika, kushona, kufuma, kufua na kupika. Catherine na wenzake hawakulipwa mshahara. Kila siku kabla ya chakula cha mchana padre alikwenda kuwafundisha katekisimu, na watu wazima wakaanza kujipenyeza nyuma ili wasikilize. Mahujaji walipozidi, katekisimu ikahamia kanisani. Kwa hiyo yale mafundisho yaliyovuta umati yalianza kama kipindi cha watoto wa shule.

Chakula kilikuwa tatizo la kila wiki. Mwaka 1829 ngano iliyohifadhiwa darini kwa padre ilikuwa imekwisha, zimebaki punje chache. Vianney alizikusanya, akaweka ndani yake masalia ya Mtakatifu Yohane Fransisko Regis, akawaambia yatima wasali. Kisha akamtuma Jeanne-Marie Chanay, aliyekuwa akioka mkate, akalete ngano. Mlango ulifunguka kwa shida kwa sababu dari lilikuwa limejaa. Ndivyo walivyoshuhudia waliokuwepo. Askofu Devie baadaye alifika, akaonyesha ukutani kwa mkono akitaka kujua kama ngano ilifika hapo. Padre akamjibu kuwa ilifika juu zaidi.

Sasa sehemu inayouma. Manung'uniko yalikuwepo tangu mwanzo: walimu hawana vyeti, nyumba imejaa mno, watoto wanafundishwa sala kuliko masomo. Na tuseme ukweli, si yote yalikuwa uzushi. Nyumba ilibanana kweli, vyeti havikuwepo kweli, na padre alikuwa anazeeka. Akifa, nani angelisha watoto 60? Jimbo likataka shule iwe chini ya shirika la watawa. Mwaka 1847 Vianney akatia sahihi, na mwaka uliofuata Masista wa Mtakatifu Yosefu wakaingia. Shule ya wasichana ikaendelea bila ada, lakini kituo cha yatima kikafungwa.

Inasimuliwa kwamba alikiri wazi kuwa katika jambo lile aliyaona mapenzi ya askofu, ila ya Mungu hakuyaona. Hakusema kwa hasira, wala hakujifanya anaelewa. Alitii huku haoni. Mimi nilivyofundishwa utii darasani, nilidhani unakuja pamoja na amani moyoni. Kwa Vianney amani haikuja haraka; zaidi ya mara moja alijaribu kuondoka Ars ili akafiche maisha yake katika monasteri, mara ya mwisho mwaka 1853, na watu wakamzuia njiani. Akarudi kwenye kiti cha kitubio.

Huko ndiko alikomalizia siku zake, na maelfu kwa maelfu ya mahujaji wakipita kila mwaka. Alifariki tarehe 4 Agosti 1859, akiwa na miaka 73, akazikwa ndani ya kanisa lake, katikati ya watu aliowaungamisha. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na miaka minne baadaye akamfanya msimamizi wa maparoko. Basilika lililojengwa baadaye limeunganishwa na lile kanisa dogo la zamani, halikulibomoa.

Na Catherine Lassagne? Baada ya kuondolewa shuleni alibaki Ars, akitunza vitambaa vya altare na chakula kidogo alichokubali kula padre. Kesi ya kumtangaza Vianney mtakatifu ilipofunguliwa, yeye aliitwa kutoa ushahidi. Mengi tunayoyajua juu ya shule, dari na yatima wale yaliandikwa na mwalimu huyu asiye na cheti.