Argwings-Kodhek: Wakili Aliyekataa Theluthi ya Mshahara

Nyie wenzetu wa Sheria mnaolalamika kupanga foleni maktaba, hebu tusikilizane kidogo. Hadi mwaka 1961 Afrika Mashariki haikuwa na chuo kikuu kinachofundisha sheria. Kitivo cha kwanza kilifunguliwa Oktoba mwaka huo kikiwa na wanafunzi 14, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Ukitoka Magomeni unavuka Jangwani, unaingia Kariakoo, umefika. Waliotangulia walivuka bahari.

Mmoja wao ni C.M.G. Argwings-Kodhek, mzaliwa wa Gem, Nyanza, mwaka 1923. Alisoma Makerere, akawa mwalimu, kisha akapata nafasi ya kwenda Wales kusomea mambo ya jamii. Serikali ya kikoloni haikupenda Mwafrika asome sheria, maana wakili ana mdomo. Jamaa alipofika huko akaigeukia sheria hiyohiyo, akahitimu uwakili Lincoln's Inn, London. Akarudi Kenya akiwa na mke Mzungu wa Ireland, katika Nairobi iliyogawa hata mitaa ya kulala kwa rangi ya ngozi.

Serikali ikampa kazi ya kuendesha mashtaka, kwa theluthi ya mshahara wa Mzungu mwenye elimu ileile. Akakataa. Hapo mimi hujiuliza ni wangapi kati yetu, bumu likiwa limechelewa, tungekataa. Akafungua ofisi yake mwenyewe, Mwafrika wa kwanza Kenya kufanya hivyo.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na makosa ya kunyongewa yakaongezwa: hata kukutwa na risasi, au kulisha watu kiapo. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa kesi za Mau Mau. Washtakiwa wengi walikuwa wakulima wasio na senti, wanaohukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Kodhek alisimama upande wao, na walowezi wakamchukia kwa hilo.

Mwaka 1955 alitaka kuanzisha chama cha nchi nzima. Serikali ikaruhusu vyama vya wilaya tu, basi akaunda Nairobi District African Congress. Miaka miwili baadaye, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, kiti cha Nairobi alikichukua kijana Tom Mboya. Nadhani Kodhek alikuwa mzuri zaidi mbele ya hakimu kuliko mbele ya umati. Mboya alijua kupanga watu.

Hakususa. Mwaka 1963 akawa mbunge wa Gem kwa tiketi ya KANU, baadaye waziri. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje alipofariki Nairobi, Januari 29, 1969. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Wengi Gem hawakuamini. Julai Mboya naye akapigwa risasi. Barabara ya Hurlingham alikopatia mauti leo inaitwa Argwings Kodhek.